Zebaki Katika Nyama ya Papa

Msomaji wetu mmoja wa Tanga, ambaye ni mja mzito wa miezi minne, ametuletea barua akiuliza kama ni kweli ayasemayo mkunga wake, ya kwamba aache kula papa mpaka atakapomwachisha mtoto ziwa, ilhali papa mkavu aliyepikwa kwa nazi ndicho kitoweo akitamanicho kuliko vyote. Mkunga amesema kweli, na nduaro na jodari wakubwa nao ni vyema awaache; bali dagaa, vibua na changu aendelee kuwala, kwani ubongo wa mtoto una haja kubwa ya mafuta ya samaki. Kuchemsha, kutia chumvi na kuanika hakusaidii kitu, maana zebaki haikai katika mafuta yanayochuruzika, bali imeshikamana na nyama yenyewe.

Sitakawia juu ya namna zebaki ifikavyo majini, iwe kwa moshi wa makaa ya mawe au kwa wachimbaji wadogo wa Geita wanaonasia dhahabu kwayo, wala juu ya samaki mkubwa anavyorithi sumu ya kila mdogo amlaye. Linalonistaajabisha mimi ni jambo jingine. Zebaki tupu, ile ing'aayo ndani ya kipimajoto, mtu akiimeza karibu yote hupita tumboni ikatoka kama ilivyoingia, na mvuke wake ndio wa kuogopwa. Lakini ikianguka katika tope lisilo na hewa, wamo bakteria humo, ambao jeni zao mbili za kazi hiyo zilitambuliwa mwaka 2013, wanaoipachika kaboni moja na haidrojeni tatu, ikawa zebaki ya methili, na hiyo mtu akiila pamoja na samaki, takriban asilimia 95 huingia mwilini.

Basi yaingiaje katika ubongo, ambao kuta za mishipa yake ya damu zimefungwa barabara? Mfano wake ni nyumba ya jumbe siku ya karamu, yenye mlango mmoja na bawabu asiyejua kusoma, ambaye huwatambua wageni kwa libasi yao tu, na kila ajaye na joho na kilemba humpisha kwa heshima. Nje yuko mtu mwovu ambaye hana joho wala kilemba, na peke yake asingevuka kizingiti. Lakini amekutana na mtu mwema apitaye njiani, wakashikana, wakajifunika nguo moja, na umbo lao wawili likawa sawasawa na umbo la mgeni mmoja anayejulikana sana nyumbani humo, ambaye bawabu amempokea maelfu ya mara. Naye, bila ya uzembe wala hiana, akawafungulia. Mwovu ni zebaki ya methili. Mtu mwema ni sisteini, asidi amino iliyobeba salfa, na hapana kitu zebaki ikipendacho kama salfa. Na mgeni wanayefanana naye ni methionini, asidi amino ambayo ubongo hauwezi kuishi bila yake. Ndani ya nyumba nguo huvuliwa, na zebaki ikawa huru kuzishika salfa za protini nyingine, zikiwemo zile zinazoziongoza chembe changa za ubongo zihamie mahali pake.

Kondo la nyuma lina bawabu wa namna hiyo hiyo, tena mwenye bidii zaidi, kwa sababu mtoto anayekua hudai asidi amino nyingi kuliko zilizomo katika damu ya mama; kwa hiyo damu ya kitovu hukutwa na zebaki ya methili karibu mara 1.7 ya ile ya mama. Huko Minamata, katika kisiwa cha Kyushu nchini Japani, ambako kiwanda cha Chisso kilimwaga zebaki baharini tangu mwaka 1932 hata 1968, na maradhi yakatangazwa rasmi tarehe 1 Mei 1956, walikuwako akina mama wenye dalili hafifu tu za sumu waliozaa watoto wasioweza kutembea wala kusema.

Pendo hilo la salfa ndilo linaloifichua zebaki vilevile. Nywele hujengwa kwa protini yenye sisteini tele, na zebaki iliyomo katika damu hunaswa humo wakati unywele unapoota, isitoke tena. Ndiyo sababu mwaka 1960 wataalamu wa jimbo la Kumamoto, ambamo umo mji huo wa Minamata, walianza kukusanya nywele za wakazi wa pwani ya bahari ya Shiranui. Na maadamu unywele huota kiasi cha sentimita 1 kwa mwezi, sentimita 9 zilizo karibu na kichwa cha mama aliyejifungua jana huonyesha, mwezi baada ya mwezi, ni zebaki kiasi gani iliyopita katika damu yake tangu siku za mwanzo za mimba.