Sheria, Uwasilishaji na Utarajali Katika Kozi za Biashara

Katika vyuo vya biashara vya Tanzania, ambavyo mfano wake wa zamani ni Chuo cha Elimu ya Biashara kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1965, somo la sheria ya biashara huanzia kwenye mkataba, yaani makubaliano ambayo mahakama inaweza kuyalazimisha yatekelezwe. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inataka makubaliano hayo yafanywe kwa hiari, na watu wenye uwezo kisheria, kwa malipo na lengo halali. Maneno hayo hupata uzito mwanafunzi anapokwenda kwenye utarajali, yaani mafunzo kazini, katika viwanda vya Kibaha au chama cha ushirika cha wakulima wa korosho Kisarawe. Huko ndiko anakokutana na stakabadhi ya ghala, hati inayothibitisha mzigo uliohifadhiwa na ambayo msingi wake ni sheria ya mwaka 2005.

Stadi za uwasilishaji, ambazo kwa bahati mbaya wengi huziona nyepesi, hupimwa hapo hapo: mtarajali asiyeweza kumweleza mkulima makato yaliyomo katika malipo yake bado hajaielewa hesabu yenyewe.