Ramani ya Amin na Foleni ya Mpakani

Februari 1976 Idi Amin alidai kwamba sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ni ya Uganda. Miji ya mpakani ya Busia na Malaba ilikuwa ndani ya madai hayo, na mstari wake ulifika hadi upande wa Naivasha.

Hakuyatoa hewani. Mwaka 1902 Waingereza waliumega Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuutia chini ya utawala uliokuja kuwa Kenya, na sababu mojawapo ilikuwa kutaka reli yote ya kutoka Mombasa hadi Kisumu iwe na msimamizi mmoja. Wenyeji hawakuulizwa. Wateso na Wasamia wapo pande zote mbili mpaka leo. Mtu huvuka kwenda matangani kwa shangazi yake na kurudi jioni.

Hadithi za dola hufumwa hivyo: uzi mmoja wa kweli, kisha tamaa ikajazia. Vladimir Putin alifanya vivyo hivyo Julai 2021, alipochapisha makala ndefu kueleza kuwa Warusi na Waukraine ni watu wamoja. Miezi saba baadaye vifaru vikavuka mpaka.

Vya Amin havikuvuka. Jomo Kenyatta alikataa kuachia hata shubiri ya ardhi, makuli wa bandari ya Mombasa wakagoma kushughulikia mizigo ya Uganda, na Uganda haina bahari. Mafuta yake yalipitia bandari hiyohiyo. Haukupita muda Amin akalegeza kauli.

Siku hizi hadithi inayosimuliwa mpakani ni ya undugu wa Afrika Mashariki. Tarehe 24 Februari 2018 Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walizindua kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia. Hii ni hadithi iliyojengwa kwa matofali: anayetoka Kenya hasimami mara mbili, bali hukuta maofisa wa nchi zote mbili wamekaa upande wa Uganda, pasi ikagongwa mihuri akaenda zake. Kwa mama mwenye gunia la dagaa, undugu ni saa alizookoa pale dirishani.

Ila hadithi ya namna hiyo huvunjika upesi. Machi 2021 Kenya ilipiga marufuku mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Hofu ya sumu ilikuwa na msingi. Ghafla yake ndiyo iliyoudhi. Malori yalikwama mpakani, na ingawa katazo liligeuzwa kuwa masharti siku chache baadaye, Kampala ilikuwa imeshapata hadithi yake ya jirani mchoyo.

Ajabu ni kwamba kilichotoka Busia na kusambaa zaidi hakikupangwa na serikali yoyote. Waendesha baiskeli waliobeba abiria kati ya vituo viwili vya forodha waliita wateja kwa neno la Kiingereza la mpaka, wakilirudia mara mbili. Leo abiria wa Mwanza naye hupanda bodaboda.