Hesi za Baiskeli Kuukuu
Fundi afufuaye baiskeli kuukuu kwa vipuri vya baiskeli nyingine hana budi kupima kabla ya kufunga. Vikombe vya gololi za ekseli ya pedali katika baiskeli nyingi za Kiingereza vilikuwa na hesi, yaani mifuo ya parafujo, 24 kwa kila inchi. Lakini kiwanda cha Raleigh, Nottingham, kwa miaka mingi kilichonga hesi 26. Vipenyo vyakaribiana sana, na macho hayatambui. Hata hivyo, katika urefu wa hesi 10 tofauti hufikia milimita 0.8. Kikombe kikilazimishwa kwa spana huharibu hesi za fremu. Basi kisafishwe, kijaribiwe kwa vidole. Kikikwama baada ya mizunguko michache, kitolewe.