Mzamiaji ajue fizikia kiasi gani?

Anayejifunza kuzamia kwa mtungi wa hewa hukutana na fizikia mapema, na wengi huingiwa na hofu. Walimu nao hutofautiana: wapo wanaofundisha kanuni zote na hesabu zake, wapo wanaoona kompyuta ya kuvaa mkononi inatosha. Kwa upande wa afya, hesabu nyingi zinaweza kusubiri. Kanuni ya Boyle haiwezi.

Robert Boyle aliieleza mwaka 1662: hewa ikigandamizwa hupungua ujazo, ikiachiwa hutanuka. Kila mita 10 baharini huongeza mgandamizo sawa na ule tunaoupata nchi kavu. Mzamiaji aliye mita 10 akivuta lita 6 kutoka kwenye mtungi, akabana pumzi na kupanda, hewa hiyo itataka nafasi ya lita 12 atakapoibuka. Mapafu hayana nafasi hiyo. Huchanika, na mapovu huweza kuingia kwenye damu hadi kwenye ubongo. Si lazima iwe kina kirefu. Hata bwawa la kuogelea linatosha kumdhuru.

Mvuvi wa pwani anayezamia bila mtungi hubana pumzi tangu utotoni, na mapafu hayachaniki hivi, kwa kuwa hewa aliyoshuka nayo ndiyo anayopanda nayo. Akikabidhiwa mtungi bila somo, mazoea yaleyale yanaweza kumuua. Huyu ndiye wa kufundishwa kwanza, kwa maneno na puto, bila ubao wa hesabu.

Jambo la pili ni naitrojeni. Chini ya maji huyeyuka mwilini kama gesi ndani ya soda, na ukipanda haraka hutoka kama soda iliyofunguliwa ghafla. Ndiyo maana hushauriwa kupanda taratibu, mita 9 kwa dakika au pungufu, na kutulia dakika 3 kwenye mita 5. Waliozamia Mafia au Zanzibar wasipande ndege siku hiyohiyo: wasubiri angalau saa 12 baada ya mzamio mmoja wa kawaida, saa 18 ikiwa ni zaidi.

Maumivu ya viungo, ganzi, kizunguzungu au miguu kukosa nguvu baada ya kuzamia ni dharura. Mgonjwa alazwe, apewe oksijeni na kuwahishwa hospitali, na daktari aelezwe kuwa alizamia. Asirudishwe majini ili apone.