Mbio za wamama peke yao: kutengwa na kujitenga si kitu kimoja

 

Leo tuzungumze juu ya mbio za miguu. Najua wengi wenu mmekwisha kukimbia kupita kiasi, tena bila kupenda, na watoto mgongoni. Lakini mbio ninazotaka kuwaeleza ni za namna nyingine. Ni mbio za wanawake peke yao, zinazofanywa kila mwaka mwezi wa Juni katika mji wa New York, kule Marekani. Ninazileta hapa kwa sababu ya swali lililotufikia kutoka kambi moja. Wamama wa pale waliomba kukutana peke yao, bila wababa, wapate kusemezana juu ya foleni ya maji na ugawaji wa chakula. Shefu wao alikataa. Alisema: "Sisi ni watu wamoja, tulikimbia vita pamoja. Mkianza mikutano ya pembeni mtatugawanya."

Shefu huyo si mtu mbaya. Amekwisha kuona kijiji kikigawanyika, na anaogopa. Wamama nao wanauliza: je, tulifanya kosa kuomba? Tuone basi jambo hili lilivyokuwa kwa wengine.

Wanawake wa Marekani, hata wa Ulaya, hawakuruhusiwa siku zote kukimbia mbio ndefu. Katika michezo ya Olimpiki ya Amsterdam mwaka 1928, wanawake walikimbia mita 800. Wakubwa wa michezo wakasema mbio hizo zinawachosha mno, wakaziondoa, nazo hazikurudi mpaka mwaka 1960, kule Roma. Miaka thelathini na miwili kwa sababu ya mita 800! Wengine walisema mwanamke akikimbia mbali tumbo lake la uzazi litaharibika. Wewe mama unayepanda mlima na mtungi wa lita 20, najua utakavyolipokea neno hilo.

Mwaka 1967, katika mbio za marathoni za mji wa Boston, msichana mmoja, Kathrine Switzer, alijiandikisha kwa herufi za kwanza za majina yake tu, K. V. Switzer, akapewa namba. Njiani msimamizi mmoja alimrukia ili amnyang'anye ile namba. Wanaume waliokuwa wakikimbia naye walimkinga, akafika mwisho. Marathoni, kwa asiyejua, ni kilometri 42 na kidogo.

Sasa tufike mwaka 1972, mwaka wenye mambo mawili ninayoomba uyashike vizuri, kwa maana yalitokea katika bustani moja, Central Park, na baina yake ilipita miezi minne tu.

Jambo la kwanza ni la tarehe 3 Juni. Kathrine Switzer, na mwanamke mwingine jina lake Nina Kuscsik, pamoja na bwana mmoja, Fred Lebow, walitengeneza mbio za wanawake peke yao, za urefu wa karibu kilometri 10. Huyo Lebow mwenyewe aliondoka kwao Romania akiwa kijana, baada ya Vita Kuu ya Pili, akawa mgeni katika nchi za wengine kabla ya kufika New York. Fedha zilitoka kwa kampuni iliyouza dawa ya wanawake ya kunyolea miguu, na mbio zikaitwa "Mini", kwa kufuata jina la ile sketi fupi. Mimi jina hilo halinipendezi. Lakini waliofika mwisho walikuwa wanawake 72, na wa kwanza aliitwa Jacqueline Dixon. Siku hiyo hakuna mtu aliyemrukia mwanamke ili amnyang'anye namba.

Jambo la pili ni la tarehe 1 Oktoba. Ilikuwa siku ya marathoni ya New York, wanaume na wanawake. Chama kilichotawala riadha ya Marekani wakati ule kilikuwa kimekubali hatimaye wanawake wakimbie marathoni, lakini kiliweka sharti: wasianze pamoja na wanaume. Waanze dakika 10 mbele yao, kana kwamba ni mbio nyingine. Wanawake sita walikuja kwenye mstari. Bunduki ya kuwaanzisha ikalia. Hawakukimbia. Waliketi chini, pale pale kwenye mstari, wakainua vibao vyao vya malalamiko mbele ya wapiga picha. Wakangoja dakika 10. Bunduki ya wanaume ilipolia, wakasimama, wakakimbia pamoja nao. Nina Kuscsik akawa wa kwanza kati ya wanawake. Chama kikawaadhibu: kila mmoja akaongezewa dakika 10 juu ya muda wake. Lakini sharti lile halikudumu, liliachwa.

Msikilizaji, hapa ndipo nataka tukae kidogo. Mwezi wa Juni wanawake wale walikimbia peke yao kwa furaha. Mwezi wa Oktoba walikataa kuanza peke yao, mpaka wakaketi chini. Je, walikuwa vigeugeu? Nilipokuwa nasoma sheria, mwalimu wetu alitufundisha kwamba mbele ya kila mpaka tuulize kwanza: nani ameuweka, na aliye ndani anaweza kutoka akitaka? Mpaka wa Juni waliuweka wanawake wenyewe, na mlango ulikuwa wazi. Wa Oktoba waliwekewa na watu wa biro ambao hawakuwauliza. Kwa macho ni kitu kimoja, wanawake upande huu na wanaume upande ule. Kwa haki ni vitu viwili mbalimbali. Mmoja ni kujitenga ili upate nguvu ya kurudi kati ya wenzako. Mwingine ni kutengwa ili ukae huko.

Ndiyo sababu, shefu, nakuambia kwa heshima: mkutano ambao wamama wanauomba ni wa namna ya Juni. Mgawanyiko unaouogopa ungekuja kwa namna ya Oktoba, yaani siku ambayo komite ya maji ingeamua saa ya wamama ya kuteka bila kumwita hata mama mmoja.

Na angalia zile mbio za peke yao zilizaa nini. Tangu mwaka 1978 Switzer alisaidia kupeleka mbio za wanawake katika miji ya nchi nyingi. Kila mbio zilitoa majina, muda na hesabu, na hesabu hizo zilipelekwa mbele ya wakubwa wa Olimpiki. Mwaka 1981 walikubali. Mwaka 1984, kule Los Angeles, wanawake walikimbia marathoni ya Olimpiki kwa mara ya kwanza, na Joan Benoit wa Marekani akashinda kwa saa 2, dakika 24 na sekunde 52. Tegla Loroupe, Mpokoti wa Kenya, aliwahi kushinda mbio zile za Juni. Na mwaka 1994 alishinda marathoni ya New York, mwanamke wa kwanza wa Afrika kufanya hivyo. Yeye ndiye aliyeanzisha mbio za amani kwao tangu mwaka 2003, ambamo vijana wa Wapokoti na Waturkana, waliokuwa wakiuana kwa ajili ya ng'ombe, walikimbia pamoja.

Kwetu pia mipaka ya kuwekewa ilikuwapo, tena iliandikwa. Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987 ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya mume kabla ya kufanya tendo la kisheria. Sharti hilo liliondolewa mwaka 2016. Ninyi wamama mnaoambiwa bado kwamba mkataba wenu si kitu bila sahihi ya bwana, mjue hayo. Na Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 14, inaitaka Serikali iondoe ubaguzi wa kila namna juu ya wanawake, na iwape nafasi katika mamlaka ya taifa, ya jimbo na ya mahali.

Sasa turudi kambini. Wamama, mkipata ruhusa, chagueni siku isiyo ya kugawa chakula, na saa ambayo maji yamekwisha kutekwa. Wababa wabaki na watoto. Ni saa mbili tu. Anayejua kuandika aandike kila neno, hata la yule mama mgeni aliyefika juzi na ambaye hasikilizani na wengi. Msimtaje mtu kwa kabila lake. Kisha chagueni watatu wapeleke maneno hayo kwenye kikao cha wote, katika juma lile lile, mbele ya shefu, yasikae yakawa manung'uniko. Kama kikao kikiwakatalia, msitukane wala msifunge njia ya kisima. Ombeni sababu, na muombe iandikwe. Wale sita waliketi dakika 10, lakini walikuwa wamekwisha kusema wazi wanataka nini.

Nawe shefu, siku ya kikao wape nafasi ya kusema mwanzo, wala si mwisho wakati watu wamechoka na jua linazama.

Juma lijalo tutasoma pamoja kifungu hicho cha 14, neno kwa neno, kwa Kiswahili. Aliye na swali amwachie karani wa kambi. Si lazima kuandika jina.