Mzee Akisahau Ghafula

Enyi mlio na wazee nyumbani, hutokea mzee aliyekuwa na akili timamu jana, leo asubuhi asijue jina la mjukuu wake. Huku Ugogo wengine husema ni uzee. Wengine hunong'ona habari za uchawi. Wengine huuliza njia ya Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili iliyojengwa Dodoma mwaka 1927. Wachache huuliza: je, mzee amekula?

Maana ubongo hula sukari iliyo katika damu, wala hauna akiba ila kidogo sana. Mzee mwenye kisukari akimeza kidonge cha glibenklamidi au akichomwa insulini, kisha asile, sukari yaweza kushuka mno. Hutoka jasho, hutetemeka, husema ovyo. Miezi ya njaa, ghala la uwele likiwa tupu, hatari huzidi, kwa kuwa mlo hupunguzwa na dawa ni ile ile. Mpeni maji ya sukari kama aweza kumeza. Akizimia msimtie kitu kinywani. Hata akipata nafuu apelekwe hospitali akapimwe, kwa maana dawa hiyo hukaa mwilini muda mrefu.

Sukari iliyozidi miaka mingi hudhuru kwa njia nyingine, polepole: huharibu mishipa midogo ya ubongo, na kumbukumbu hupungua. Tena mzee asahauye husahau kwamba amekwisha kumeza kidonge, akameza cha pili. Basi mmoja wa nyumbani, hata mjukuu ajuaye kusoma, aandike daftarini saa ya dawa na saa ya mlo, na daftari hilo daktari alione.