Gari ya deliveri inatetemeka kwenye sailensi? Pima kwanza, spea baadaye

Wadau, wengi wetu tunaouza mtandaoni tunapeleka mizigo kwa gari za zamani: IST, Vitz, Raum, Corolla. Zikishakula miaka zinaanza ugonjwa mmoja: ukisimama kwenye foleni injini inatetemeka mpaka maboksi ya siti ya nyuma yanacheza, ukikanyaga mafuta inatulia. Ndo kukosa sailensi huko. Leo tuongee jinsi ya kuutafuta ugonjwa wenyewe, maana spea za kubahatisha zinakula mtaji.

Mimi natumia IST ya 2003. Ilipoanza kutetemeka, fundi wa kwanza aliitazama dakika mbili tu akaniandikia nozeli nne, sensa ya oksijeni na pampu ya mafuta. Jumla ilikaribia hela yote niliyotenga kwa mzigo wa viatu wa wiki ile. Nikamwambia ngoja kwanza nipime.

Anza na swali la inatetemeka vipi, na lini. Acha injini ipate moto, zima AC, weka gia N, angalia mshale wa mizunguko. Nyingi za gari hizi zikishapata moto hukaa kati ya 600 na 800. Kama mshale umetulia, halafu mtetemo unakuja ukiweka D huku umekanyaga breki na unapungua ukirudi N, shuku maunti za injini kwanza. Hapo hata ubadilishe plagi mara kumi unapoteza hela. Mshale ukipanda na kushuka wenyewe, fikiria hewa. Ukisikia pigo linaruka kwa mpangilio, pu-pu-pu-kimya, kuna silinda moja haichomi.

Silinda moja ndo rahisi kuikamata. Kwenye injini kama ya IST kila plagi ina koili yake juu. Zima gari, chomoa soketi ya koili moja, washa. Sauti ikiharibika zaidi, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Isipobadilika kitu, umeipata. Zima, rudishia, nenda nyingine. Kila jaribio liwe la sekunde chache, maana mafuta yasiyoungua yanaenda kuharibu masega kwenye ekzosi, na masega si bei ya mchezo.

Ukishaijua silinda mbovu, hamishia koili yake kwa jirani. Ugonjwa ukihama nayo, nunua koili moja, si nne. Usipohama, fanya hivyohivyo kwa plagi. Ukigoma tena, ndo mnaweza kuanza kuongelea nozeli. Kazi yote hiyo ni spana namba 10 na ya plagi. Yangu iliishia kwenye koili ya silinda ya tatu, na viatu nikachukua.

Habari ya hewa inachanganya watu wengi. Kompyuta ya gari inapima hewa inayoingia, kisha inatoa mafuta kulingana na hewa hiyo. Mpira ukipasuka baada ya kipimo, inaingia hewa ambayo haikuhesabiwa, mafuta yanakuwa machache. Kwenye sailensi injini inavuta hewa kidogo, kwa hiyo ile ya wizi inaleta shida. Ukikanyaga, hewa halali inakuwa nyingi na ya wizi haionekani. Ndo maana barabarani gari iko freshi kabisa. Sikiliza mlio wa "sss", kagua mipira midogo midogo, iliyokauka na kupasuka ibadilishe. Kagua pia throto bodi, uchafu mweusi ukiziba njia ya hewa sailensi inayumba, na kuosha kunatosha. Kuna mafundi wanapuliza petroli kwenye injini ya moto ili waone panapovuja. Kataa kabisa, gari inaweza kuwaka moto.

Ukipima kwa mashine, soma namba mwenyewe. P0301 mpaka P0304 zinataja silinda isiyochoma, tarakimu ya mwisho ndo namba ya silinda. P0300 ni silinda kadhaa bila mpangilio. P0171 maana yake hewa imezidi mafuta, na hapa ndo wengi wanauziwa sensa ya oksijeni. Sensa mara nyingi imeleta taarifa tu. Chanzo chaweza kuwa mpira uliopasuka au pampu iliyochoka.

Fundi akisema pampu, mwambie afunge geji apime presha ya mafuta kabla hujalipa. Na kama koili na plagi zote ni nzima lakini silinda ileile bado haichomi, omba kipimo cha kompreshani kwa silinda zote nne, uandike namba zake. Moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, shida iko kwenye ringi, valvu au gasketi, na hapo hata nozeli mpya hazitasaidia.